Namna ya kuzima AI usiyoihitaji kwenye simu yako

Unabonyeza kitufe cha pembeni ili uzime simu. Badala ya menyu ya kuzima, linaibuka dirisha linalokuuliza likusaidie nini. Unaingia WhatsApp kumtafuta shemeji, kisanduku cha kutafutia kinakwambia umuulize Meta AI. Unatafuta dawa ya mafua kwenye Google, na jibu la juu kabisa halijaandikwa na daktari wala mwandishi.

Hakuna kati ya hivyo ulichokiomba. Vimeingia na sasisho la simu, na vingi vimekuja vikiwa vimeshawashwa.

Akili mnemba, au AI kama inavyoitwa mtaani, ina faida zake. Lakini mwenye simu ndiye anayepaswa kuamua aitumie wapi na wapi aiache. Haya ndiyo mambo yanayoweza kuzimwa, yasiyozimika, na yale ambayo ni vizuri kuyaacha.

Kwa nini watu wanaizima

Sababu ya kwanza ni siri. Huduma nyingi za AI hazifanyi kazi ndani ya simu. Unachoandika au kusema kinasafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, kinachakatwa huko, kisha jibu linarudi. Google yenyewe inawaambia watumiaji wa Gemini wasiandike mambo ya siri ambayo hawataki mtu mwingine ayaone, kwa kuwa baadhi ya mazungumzo hupitiwa na wakaguzi ambao ni binadamu. Mazungumzo yaliyopitiwa hivyo yanaweza kuhifadhiwa hadi miaka 3, hata kama mtumiaji ameyafuta upande wake.

Sababu ya pili ni makosa. Desemba 2024, AI ya kwenye iPhone ilifupisha arifa za habari na kuonyesha, kwa jina la BBC, kwamba mshukiwa wa mauaji nchini Marekani amejipiga risasi. BBC haikuandika habari hiyo na tukio hilo halikutokea. Shirika hilo lililalamika, na Januari 2025 Apple ikasitisha kwa muda ufupisho wa arifa za habari.

Sababu ya tatu ni nafasi na bando. Apple Intelligence, kwa mfano, inahitaji GB 7 za nafasi kwenye simu. Kwa mtu ambaye kila wiki anafuta picha ili video ya harusi iingie, hiyo si nafasi ndogo.

Kabla hujaanza

Majina ya menyu hapa yameachwa kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana ndivyo simu nyingi zilivyo. Kama yako iko kwa Kiswahili, "Settings" itasomeka "Mipangilio".

Menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Usipoiona njia iliyotajwa, fungua Settings, gusa alama ya kutafuta juu, kisha andika neno "AI", "assistant" au "Gemini". Mara nyingi hapo ndipo kila kitu kinapojitokeza.

Android: kumtuliza Gemini

Anza na kitufe cha kuzimia simu. Kwenye simu nyingi za Android, nenda Settings, kisha System, kisha Gestures, halafu "Press and hold power button". Chagua "Power menu". Kuanzia hapo kitufe kitarudi kwenye kazi yake ya zamani.

Hatua ya pili ni kumwondoa kwenye nafasi ya msaidizi mkuu wa simu. Ingia Settings, Apps, Default apps, kisha "Digital assistant app". Chagua "None". Hapo hakuna msaidizi atakayeitika.

Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo inahusu kumbukumbu. Fungua programu ya Gemini, gusa picha ya akaunti yako, kisha tafuta sehemu ya shughuli zako. Kwenye simu nyingine inaitwa "Gemini Apps Activity", nyingine "Keep Activity". Izime, na kama unataka kufuta ya nyuma pia, chagua kuzima pamoja na kufuta. Jua tu kwamba hata baada ya kuzima, Google hubaki na mazungumzo mapya kwa hadi saa 72 kabla ya kuyaondoa.

Ukiwa humo humo, pitia orodha ya programu ambazo Gemini ameunganishwa nazo, kama vile simu, meseji na WhatsApp. Zima zile usizotaka aziguse.

Ukitaka kumaliza kabisa, ingia Settings, Apps, tafuta Gemini, kisha gusa "Disable" au "Uninstall". Kitakachojitokeza kinategemea simu yako.

Samsung: Galaxy AI

Samsung ilileta Galaxy AI Januari 2024 pamoja na Galaxy S24, na baadaye ikaisambaza kwenye simu nyingine. Hakuna swichi moja ya kuzima yote. Kila huduma inazimwa peke yake.

Nenda Settings, kisha Galaxy AI. Kwenye matoleo ya mwanzo, sehemu hiyo iko ndani ya "Advanced features" kwa jina la "Advanced intelligence". Utakuta orodha: msaada wa kupiga simu, wa kuandika, wa kutafsiri, wa kuhariri picha na kadhalika. Ingia moja moja na uzime usiyoihitaji.

Kama kuna chache unazozipenda ila hutaki data zako zitoke nje, washa "Process data only on device". Huduma zinazoweza kufanya kazi ndani ya simu zitabaki, na zile zinazotegemea kompyuta za nje zitazimika.

Kitufe cha pembeni kwa Samsung kinarekebishwa kwenye Settings, Advanced features, kisha "Side button". Kwenye sehemu ya kubonyeza kwa muda mrefu, chagua "Power off menu".

iPhone: Apple Intelligence

Hii inawahusu wenye iPhone 15 Pro, 15 Pro Max, na simu za mfululizo wa 16 kwenda mbele. Kama una iPhone ya zamani zaidi, huna Apple Intelligence, kwa hiyo huna cha kuzima.

Tangu iOS 18.3 ya Januari 2025, huduma hii huwashwa yenyewe kwenye simu zinazoiweza. Kuizima ni rahisi: Settings, kisha "Apple Intelligence & Siri", halafu zima swichi ya juu. Ukizima, mafaili yake makubwa huondolewa kwenye simu na nafasi hurudi.

Anayetaka kuibakiza ila achoke na arifa zilizofupishwa aingie Settings, Notifications, kisha "Summarize Notifications". Hapo anaweza kuzima zote au kuchagua programu. Meseji za benki na za pesa za simu zinafaa kuwa za kwanza kuondolewa kwenye ufupisho. Kiasi cha fedha na jina la mtumaji visomwe kama vilivyoandikwa.

Kwa simu ya mtoto, zuio linawekwa kwenye Screen Time, kisha "Content & Privacy Restrictions", halafu "Intelligence & Siri".

WhatsApp: duara lisilotoka

Hili ndilo linalowakera wengi. Duara la Meta AI kwenye WhatsApp halina swichi ya kuliondoa. Unachoweza ni kutoligusa na kufuta gumzo lake lisikae juu ya orodha yako.

Kuna jambo la kuelewa hapa, kwa sababu uvumi ni mwingi. Meseji zako za kawaida na ndugu na marafiki zimefungwa kwa usimbaji, na Meta AI hazisomi. Kinachomfikia ni kile unachomwandikia mwenyewe, au kile ambacho mtu anampelekea kwa kumtaja ndani ya kundi. Tatizo ni hilo la mwisho, kwamba wewe unaweza kuwa makini na mwenzako kwenye kundi asiwe makini.

Dawa yake ni kipengele kilicholetwa Aprili 2025 kinachoitwa "Advanced Chat Privacy". Fungua gumzo au kundi, gusa jina lake juu, shuka chini hadi ukione, kisha washa. Kikiwashwa, aliyemo kwenye gumzo hilo hawezi kumtumia Meta AI humo wala kuhamisha mazungumzo yote kwenda nje, na picha hazijipakui zenyewe. Kinawashwa gumzo kwa gumzo, kwa hiyo anza na yale yenye uzito: kundi la familia, la kikoba, la kazini.

Kama uliwahi kumwandikia Meta AI na sasa unataka kufuta, ingia kwenye gumzo lake, andika /reset-ai, kisha tuma. Hilo lina uzito zaidi tangu Desemba 16, 2025, Meta ilipoanza kutumia mazungumzo ya watu na AI yake kuchagua matangazo ya kuwaonyesha katika nchi nyingi.

Google na Gmail

Majibu ya AI yanayotokea juu ya matokeo ya Google nayo hayana swichi. Kuna njia mbili za kuyakwepa. Ya kwanza, ukishatafuta, gusa "Web" kwenye mstari wa vichujio ulio juu ya matokeo. Wakati mwingine imejificha ndani ya "More". Utaona viungo vya tovuti tu. Ya pili ni kutumia mtafutaji mwingine. DuckDuckGo, kwa mfano, inaruhusu kuzima majibu ya AI kwenye mipangilio yake.

Kwenye Gmail, fungua menyu ya pembeni, Settings, chagua akaunti, kisha ondoa alama kwenye "Smart features". Tahadhari: ukiiondoa, utapoteza pia mgawanyo wa barua, ule unaotenga matangazo na barua za kawaida. Pima kama inakufaa.

Tecno, Infinix na Xiaomi

Simu hizi zimejaa mifukoni mwa watu Afrika Mashariki, nazo zina AI zao. Tecno ina msaidizi anayeitwa Ella, Infinix ana Folax, na Xiaomi ina HyperAI. Tafuta majina hayo kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Settings, zima, kisha ingia Apps, mchague msaidizi huyo, gusa "Permissions" na umnyime kipaza sauti na mahali ulipo. Kwa kuwa ni simu za Android, hatua za Gemini zilizotajwa juu zinahusika pia.

Usizime kila kitu

Si kila AI ni ya kukimbiwa. Kichujio kinachotenga meseji za matapeli kinatumia teknolojia ya aina hii. Google Play Protect, inayokagua programu zenye virusi, vivyo hivyo. Ukizima hizo, unawarahisishia kazi wale wanaotuma "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mtu asiyeona anaweza kuwa anategemea TalkBack imweleze kilichomo kwenye picha, na kwenye baadhi ya simu kazi hiyo inafanywa na Gemini. Kabla ya kumzimia mzazi au bibi, muulize kwanza anatumia nini.

Baada ya kuzima

Kuzima si kazi ya mara moja. Sasisho kubwa likiingia, baadhi ya swichi zinaweza kurudi au zikazaliwa mpya. Kila baada ya sasisho, tenga dakika 5 upitie tena Settings, hasa ruhusa za kipaza sauti.

Kumbuka pia kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda ina yake ya mwaka huo huo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye tume yake ya kupokea malalamiko. Mtu anayeona taarifa zake zimetumika vibaya ana mahali pa kupeleka shauri.

Kama muda ni mdogo, fanya matatu leo: rudisha kitufe cha kuzimia simu, zima kumbukumbu ya Gemini, na washa "Advanced Chat Privacy" kwenye kundi la familia. Mengine yanaweza kusubiri wikendi.