Mapigo na mianya yake

"Pigo" likiwa moja huja na msiba. Yakiwa mengi, "mapigo", ndiyo uhai wenyewe. Muuguzi wa Musoma akikwambia mapigo yako ni 70 kwa dakika, ametaja idadi tu. Kati ya pigo na pigo kuna mwanya, na mianya hailingani: ukivuta pumzi hufupika, ukiitoa hurefuka. Moyo si saa ya ukutani. Unafanana zaidi na mawimbi ya ziwa pale Mwigobero, Musoma.

Kutotabirika kwa mianya hiyo hupimwa kwa entropia, neno alilolibuni Rudolf Clausius mwaka 1865 kutokana na Kigiriki. Wapo wanaotaka tuseme "vurugu". Nakataa. Vurugu ni ya stendi ya Bunda abiria wakigombea siti. Moyo mzima una mpangilio, ila haukaririki. (Na entropia kubwa si cheti cha afya: vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka ovyo, nayo hupanda.)

Kuhusu kutafsiri, Mwalimu Nyerere wa Butiama alimgeuza mfanyabiashara wa Shakespeare kuwa Mabepari wa Venisi, 1969. Huo ni ujasiri wa mfasiri. Mimi sina, naandika entropia, na mwanya naubakiza mwanya.