Usalama wa ndege: kuitafuta hatari kabla ya ajali

Mfumo wa kusimamia usalama ni utaratibu unaolitaka shirika la ndege kuzitambua, kuzipima na kuzidhibiti hatari kabla hazijazaa ajali. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliyakusanya masharti yake katika Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago.

Haja yake yaonekana katika ajali ya Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilipoanguka usiku karibu na Douala, Cameroon, na kuua watu wote 114. Wachunguzi walibaini kuwa ndege iliinamia kulia polepole gizani, mtambo wa kujiendesha ukiwa haujashika, na marubani wakachelewa kugundua. Walibaini pia kuwa kumbukumbu za mafunzo ya rubani mkuu zilikwisha kutaja udhaifu wake katika kufuata taratibu. Dalili, basi, ilikuwamo majaladani.

Mfumo huu hauendi bila fundi au mhudumu, hata wa cheo cha chini, kuripoti kosa, likiwamo lake mwenyewe. Ndiyo maana Kiambatisho hicho huzitaka serikali zimlinde anayetoa taarifa kwa hiari. Ulinzi huo hauhusu kosa la makusudi.