Majina ya Vijito na ya Wilaya katika Pennsylvania

Mwenye kuitazama ramani ya Pennsylvania, huko Marekani, aona upesi kwamba majina yake hayakutoka katika kinywa kimoja. Jimbo hilo lina wilaya 67. Tatu za kwanza, Philadelphia, Bucks na Chester, ziliwekwa na William Penn mwaka 1682. Lancaster ikafuata mwaka 1729, na Berks mwaka 1752. Ukiondoa Philadelphia, neno la Kiyunani tulijualo katika kitabu cha Ufunuo, majina hayo yaliletwa kutoka Uingereza. Lakini vijito vingi vilibaki na majina ya wenyeji. Wilaya yaweza kuchorwa na kuitwa jina ofisini. Bali kijito mgeni hukikuta njiani, naye hana budi kuuliza chaitwaje.

Tuchukue Tulpehocken, kiingiacho katika mto Schuylkill penye mji wa Reading. Neno hilo ni la Walenape, na hufasiriwa "nchi ya kobe". Wajerumani waliotoka New York walianza kukaa kando yake mwaka 1723, na Walenape hawakuiuza nchi hiyo mpaka mwaka 1732. Yaani mashamba yalitangulia mapatano. Huko ndiko alikokaa Conrad Weiser, mkalimani mashuhuri wa koloni, ambaye binti yake aliolewa mwaka 1745 na Mchungaji Henry Melchior Muhlenberg. Kwa njia hiyo jina la Kilenape limeingia katika historia ya Kanisa letu la Kilutheri, na mara nyingi twalisoma humo bila kuuliza ni la nani.

Wako wasemao kwamba kudumu kwa majina hayo ni heshima kwa wenyeji. Sisi twasita, kwa sababu ya kijito cha Conestoga, katika wilaya ya Lancaster. Wakonestoga walikuwa mabaki ya taifa la Wasusquehannock, wakiishi kwa amani chini ya mapatano na serikali ya koloni. Tarehe 14 Desemba 1763 watu wenye silaha kutoka Paxton waliwaua sita kijijini mwao. Waliosalia, 14, walihifadhiwa mjini Lancaster katika nyumba ya serikali. Tarehe 27 wauaji wakaja wakawamaliza humo, watoto pia.

Kijito hakikubadilishwa jina. Hata magari mazito ya farasi, yaliyochukua mizigo ya wakulima wa Lancaster mpaka Philadelphia, yaliitwa Conestoga, na wengi walijuao neno hilo leo hulijua kwa magari hayo.