Manamba wa Mkonge na Nguvu Kazi ya Nchi

Ndugu mkulima, leo tuzungumzie nguvu kazi. Ukisikia nchi ina wafanyakazi wengi au wachache, uliza kwanza: wamehesabiwa wapi?

Tuchukue mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Baadaye mashamba yakatanda Tanga, Korogwe na Morogoro, na kila shamba likataka watu. Wenyeji wa karibu hawakutosha, tena wengi walipenda kulima vya kwao. Basi waajiri wakatafuta mbali: Kigoma, Songea, Njombe, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kila kibarua alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa na kipande cha siku 30. Zisipotimia, hakuna mshahara.

Katika miaka ya 1950 vibarua wa mkonge walipita 100,000. Hao waliandikwa vitabuni. Je, huko walikotoka, jembe lilishikwa na nani? Ni akina mama, wazee na watoto. Hao hawakuwamo katika vitabu vya mwajiri, ingawa chakula cha nyumbani kilitoka mikononi mwao.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya 1964 bei ya mkonge ilianguka, kwani kamba za nyuzi za viwandani ziliingia sokoni. Kima cha chini cha mshahara nacho kilikuwa kimepanda, waajiri wakapunguza watu. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, vibarua walikuwa wamepungua zaidi ya nusu. Lakini wananchi hawakupungua: sensa ya Tanzania ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 1978 milioni 17.5. Wengi wao waliishi kwa jembe, kama wewe. Hata mwaka 2014, kwa kila watu watatu wenye kazi Tanzania Bara, wapatao wawili walikuwa katika kilimo.

Basi ujue kwamba shamba lisilo na daftari la mshahara nalo lina wafanyakazi. Kabla ya mvua, kaeni nyumbani mhesabu: nani atalima, nani atapalilia, na mikono hiyo itaweza ekari ngapi kabla majani hayajashinda mahindi? Usihesabu mikono ya baba peke yake. Na siku ya kugawa fedha za mavuno, wote waliohesabiwa kwenye palizi wahesabiwe tena.

Kazi njema.