Mkono kwenye Antena

Kinachovunjika kwanza ni antena. Redio ya Philips hudumu miaka, ila kile kifimbo cha kuvuta hupinda, hukatika, na mwenyewe hufunga waya wa baiskeli mahali pake. Ndivyo nilivyozikuta redio za Mutoyi, komine ya Bugendana, Burundi, nilipokuja kutoka mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, nilikojifunza ufundi. Waya usipotosha, aliitwa mtoto. Akishika kipande cha antena kilichobaki, sauti inakuwa safi. Akiachia, mkwaruzo unarudi.

Kazi hiyo ya mtoto haikuwa mchezo. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1993. Mwaka uliofuata BBC ilianzisha Gahuzamiryango, matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyosoma majina ya watu waliopoteana na jamaa zao. Yalikuja kwa masafa mafupi, yanayopanda na kushuka. Jina likimezwa na mkwaruzo, limekwenda. Kwa hiyo mtoto aliambiwa asitikisike, tena akae peku, kwani wazee walishikilia kwamba viatu huharibu. Sauti yenyewe ilipunguzwa mpaka watu wakagusana vichwa: haikuwa busara jirani ajue unasikiliza nini.

Uchawi haumo. Ndani ya ngozi mna maji ya chumvi, na umeme hupita humo. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Mtu mzima ni zaidi kidogo ya nusu yake, ndiyo maana hulinasa vizuri. Kwa masafa mafupi, ambako mawimbi ni marefu zaidi, anarefusha tu antena iliyokatika. Wazungu walijua mapema kwamba umeme hupita mwilini, kwa ukatili kidogo: mwaka 1746 mwanasayansi Nollet aliwashikanisha mikono askari 180 mbele ya Louis XV wa Ufaransa, akawapitishia umeme, wakaruka wote kwa pamoja.

Aliyefanya mwili uwe waya wa habari ni Thomas Zimmerman, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani. Mwaka 1996, kwa msaada wa kampuni ya IBM, watu wawili wenye vifaa vidogo walipeana mikono, na jina na namba ya mmoja vikapita kwenye ngozi hadi kwa mwenzake. Mkondo wake ulikuwa kama sehemu moja ya bilioni ya ampea. Kubadilishana kadi za biashara kwa njia hiyo naona ni upuuzi. Kadi unaitoa mfukoni. Kilichonigusa ni kingine: mawimbi ya Bluetooth hutawanyika chumbani na mwenye kudaka akadaka, ila habari inayopita mwilini hubaki karibu na ngozi. Wale waliogusana vichwa wangelielewa jambo hilo kabla ya mhandisi yeyote.

Siku hizi sokoni vijana husikiliza FM kwa simu, na simu hukataa mpaka uchomeke waya wa masikioni, kwa kuwa ndio antena yake. Waya huo hushuka kifuani; wakiushika, stesheni hubadilika nguvu.

Njia ya Zimmerman nayo imepata kanuni yake: mwaka 2012 IEEE, jumuiya ya wahandisi, ilitoa kanuni ya 802.15.6 kwa vifaa vya kuvaliwa mwilini. Kwa njia ya ngozi ilichagua megahezi 21. Hizo ni masafa mafupi, jirani kabisa na bendi ya mita 13 iliyoandikwa kwenye redio kubwa ninazofungua hapa mezani. Sitashangaa mtu akija na kifaa hicho mkononi, redio ikakwaruza.