Hewa Nyingi Yataka Mafuta kwa Kipimo

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kidogo kiitwacho turbo, na jinsi kilivyoingia katika malori. Tutatazama pia swali linalomhusu kila mwenye lori kuukuu katika mkoa wa Singida: akitaka kulitia turbo, je, mafuta ya injini yaongezwe, au yaachwe kama yalivyo? Jibu la swali hili laweza kuokoa mali ya mtu, au kumfilisi.

Kwanza tumfikirie mhunzi. Akitaka moto mkali huvuta mivukuto. Lakini akivuta mivukuto na mkaa ni haba, moto hauongezeki. Na akijaza mkaa tele bila kuvuta, hupata moshi tu. Injini nayo ni vivyo hivyo. Katika injini ya dizeli, pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo huwa ya moto sana. Ndipo mafuta hunyunyizwa, nayo huwaka yenyewe bila cheche. Hewa ikiwa haba, mafuta hayawaki yote. Yaliyosalia hutoka kama moshi mweusi. Moshi ule ni fedha ya mwenye lori inayopotea angani.

Sasa, mji wa Singida uko juu, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha sehemu 1 katika 7. Lori lisilo na turbo, lililoondoka pwani na nguvu zake zote, hufika Manyoni na Singida limepungukiwa. Lakini pampu ya zamani ya dizeli haijui kwamba lori limepanda. Hupima mafuta yale yale ya pwani. Ndiyo maana lori kuukuu lenye shehena ya pamba, likiukwea mlima Sekenke kutoka mbuga ya Wembere, hutoa moshi mweusi, na mwendo wake ni wa kobe.

Dawa ya jambo hili ilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1905 mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alijiandikishia haki ya uvumbuzi wake. Alisema hivi: moshi wa injini hutoka kwa nguvu na kupotea bure, basi na ufanye kazi. Moshi huo uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga. Katika mhimili ule ule liwepo gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hiyo ndiyo turbo: mivukuto inayovutwa na moshi wenyewe.

Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipima turbo katika hewa nyepesi. Injini ya ndege, inayotumia petroli, ilifungwa juu ya lori ikapandishwa hadi kilele cha mlima Pikes Peak huko Colorado, mita zipatazo 4,300. Chini injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kule juu, bila turbo, zilibaki kama 230. Kwa turbo zikawa 356. Mlima ulikuwa umechukua hewa, na turbo ikairudisha.

Ikabaki kazi ya mafuta. Injini ya Rudolf Diesel, iliyofaulu mwaka 1897, ilipuliziwa mafuta kwa hewa ya kompresa, na mtambo huo ulikuwa mzito mno kwa motokaa. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch huko Ujerumani kilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kupima mafuta na kuyasukuma kwa nguvu. Pampu hiyo iliisaidia sana dizeli kuenea barabarani. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilitia turbo katika injini ya lori. Mwaka 1954 Volvo ya Uswidi ilitoa lori la Titan Turbo: nguvu za farasi 150 zikawa 185, na ukubwa wa injini ni ule ule.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Turbo haivuti lori. Nguvu imo katika mafuta. Turbo huleta hewa ya kuyachoma. Basi, tukitia turbo yenye msukumo mdogo katika lori kuukuu, mafuta yatakuwaje?

Tuseme msukumo wake ni kilo 0.2 au 0.3 kwa kila sentimita ya mraba. Ni mdogo kweli, maana tairi la lori hujazwa kama kilo 7. Huku Singida, msukumo huo kwanza hulipa deni la mlima. Hurudisha ile hewa iliyopungua. Kufikia hapo, mafuta ya pampu yatosha. Usiongeze hata tone. Moshi utapungua na nguvu ya pwani itarudi. Ni hewa inayozidi deni hilo tu ndiyo inayoweza kupokea mafuta zaidi, tena kidogo.

Kabla ya kuongeza, mambo manne hayana budi kutazamwa. Kwanza, chujio la mafuta liwe safi, na mabomba yasivute hewa. Pili, pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangi iweze kuleta ya kutosha wakati wa kupanda mlima. Tatu, nozeli zinyunyize kama ukungu. Nozeli inayodondosha matone huunguza pistoni. Nne, pampu kubwa iwe na kiwambo kinachosukumwa na hewa ya turbo. Kiwambo hicho huruhusu mafuta ya ziada wakati hewa ya ziada imekwisha kufika, wala si kabla. Bila kiwambo, dereva akikanyaga, mafuta hutangulia, hewa huchelewa, na moshi hutanda barabarani.

Wako watu ambao hukata lakiri ya pampu na kukaza skrubu kwa kubahatisha, ili lori liwe na nguvu. Kwa siku chache hufurahi. Katika dizeli, hewa kuzidi si hatari, bali hupooza injini. Mafuta yakizidi hewa, joto hupanda, pistoni huyeyuka, na turbo yenyewe huungua. Pampu yafaa ipimwe na fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kwa lori la petroli mambo ni kinyume. Sehemu 1 ya petroli yataka kama sehemu 15 za hewa kwa uzito. Hewa ikiongezwa bila petroli kuongezwa, injini hugonga na pistoni hutoboka. Na kama turbo inapuliza kupitia kabureta, pampu ya petroli lazima isukume kwa nguvu kuishinda turbo, la sivyo petroli haiingii.

Siku hizi malori mengi yapitayo Singida kwenda Rwanda na Burundi yametoka kiwandani na turbo, na kompyuta ndiyo inayopima mafuta. Lakini kanuni ya mhunzi haikubadilika: mivukuto na mkaa huenda pamoja, na anayeongeza kimoja hupima kingine.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini lori lisilo na turbo hupungukiwa nguvu likifika Singida?
2. Büchi alitumia nini kuzungusha turbo?
3. Jirani yako amelitia lori lake la dizeli turbo, naye ataka kukaza skrubu ya pampu leo hii. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?