Ezekieli, kuhani aliyekosa hekalu



Wengi wetu tukisikia jina la Ezekieli tunakumbuka mara moja mifupa mikavu. Tunaihubiri, tunaiimba, na tunafurahi kufika pale inaposimama kuwa jeshi kubwa. Lakini bonde lile liko katika sura ya 37. Kabla yake kuna miaka mingi ya maneno machungu, na asiyeipitia hawezi kujua ni mifupa ya nani, wala kwa nini ilikauka. Leo tupitie miaka hiyo.

Mwaka 597 K.K., Nebukadneza mfalme wa Babeli aliuzingira Yerusalema. Yehoyakini, mfalme wa Yuda, alikuwa kijana wa miaka 18, na alikuwa ametawala miezi mitatu tu. Akatoka nje ya mji pamoja na mama yake, akajitoa mikononi mwa adui. Babeli haikubeba kila mtu. Ilichagua wakubwa, askari, mafundi na wahunzi, na ikawaacha maskini wa nchi. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinataja mateka elfu kumi. Ezekieli mwana wa Buzi, wa ukoo wa makuhani, alikuwa katika msafara ule. Ili tuelewe urefu wa njia, tukumbuke kwamba Ezra na watu wake, walipotoka Babeli kurudi Yerusalema miaka mingi baadaye, walitumia miezi minne.

Walikalishwa Tel-abibu, kando ya Kebari. Biblia inauita mto, lakini ulikuwa mfereji wa kupeleka maji mashambani, upande wa mji wa Nippur, na jina lake limeonekana katika vibao vya udongo vya wafanyabiashara wa huko. Vibao vingine, vilivyochimbuliwa Babeli kwenyewe, vinaandika posho ya mafuta aliyopewa Yehoyakini mfalme wa Yuda pamoja na wanawe watano. Kimoja ni cha mwaka 592 K.K. Mtoto wa Daudi anapimiwa mafuta na karani wa mfalme mgeni! Wanaosema kwamba habari za uhamisho ni hadithi za kutungwa waende wakasome udongo ule.

Ezekieli anaanza kitabu chake kwa kutaja mwaka wa thelathini. Wafasiri wengi wanaona ni umri wake, na katika sura ya 4 ya Hesabu tunasoma kwamba miaka 30 ndiyo iliyomwingiza mtu katika kazi ya Hema. Kama ni hivyo, mwaka ambao angesimama hekaluni kwa mavazi ya ukuhani ulimkuta amekaa kando ya mfereji wa wapagani, hana madhabahu, hana sadaka. Hapo ndipo mbingu zilipofunguka, mwaka 593 K.K.

Aliona nini? Kiti cha enzi, na chini yake magurudumu yanayokwenda pande zote. Tunapenda kubishana juu ya zile nyuso nne na yale macho, na tunasahau jambo lililo wazi: kiti cha Mungu kinatembea. Ndugu waliobaki Yerusalema walikuwa wanawacheka mateka, wakisema hao wako mbali na Bwana na nchi sasa ni yetu. Jibu la Mungu, katika sura ya 11, ni kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwa ajili ya waliotawanyika. Ambaye amewahi kukimbia kijiji chake usiku, na kati yetu ni wengi, anajua uzito wa jibu hilo.

Hata hivyo, faraja ile haikuwa ya kulala nayo. Mateka walikuwa na manabii wengine, wenye maneno matamu kuliko ya Ezekieli. Kule Yerusalema, Hanania alitangaza hadharani kwamba ndani ya miaka miwili mfalme na vyombo vya hekalu vitarudi. Babeli nako walikuwepo Ahabu na Sedekia waliotabiri uongo kwa jina la Bwana. Yeremia aliwaandikia mateka barua: wajenge nyumba, walime, waoe, kwa kuwa muda ni miaka 70. Ni barua ya namna gani hiyo kwa mtu aliyeweka mzigo wake mlangoni akingoja kurudi kesho?

Ezekieli alitumwa kuivunja ndoto ile. Alichora Yerusalema juu ya tofali akauzingira kama mtoto anayecheza. Alilala ubavu wa kushoto siku 390, na wa kuume siku 40. Alikula mkate wa kupimwa, shekeli 20 kwa siku, ambazo ni kama robo ya kilo, kuwaonyesha njaa inayokuja. Alipoambiwa auoke juu ya mavi ya mtu, alilia mbele za Mungu, maana alikuwa kuhani na tangu utoto hakuwahi kujitia unajisi. Akaruhusiwa mavi ya ng'ombe. Katika mambo yote ya sura ile, hilo peke yake ndilo alilolia. Manabii wa amani aliwafananisha na watu wanaopaka chokaa ukuta mbovu. Na watu waliposema kwamba wanaumia kwa makosa ya baba zao, alikataa: kila mtu atajibu kwa njia yake.

Sura ya 24 tunaihubiri mara chache. Yerusalema ulipokuwa umeanza kuzingirwa, Mungu alimwambia kwamba atamwondolea mke wake ghafula, naye asilie, asifanye matanga. Asubuhi alisema na watu, jioni mke akafa, na kesho yake akafanya kama alivyoagizwa. Watu wakauliza maana yake. Hekalu, kipenzi cha macho yenu, litakwenda hivyo hivyo. Hatuna maelezo mepesi ya kuweka juu ya jeneza lile, na Ezekieli mwenyewe hakuyaweka.

Katika mwaka wa 12 wa uhamisho alifika mtu aliyeponyoka, akasema mji umepigwa. Sasa nabii aliheshimiwa. Watu waliitana milangoni kwenda kumsikia, na Mungu akamwonya kwamba kwao yeye ni kama mwimbaji mwenye sauti nzuri: wanasikia, hawatendi. Sisi tunaosikiliza mahubiri kwa redio, hapo tusipite haraka.

Ndipo mateka wakakiri kwamba mifupa yao imekauka na tumaini limepotea. Maneno ya mifupa yalikuwa yao wenyewe. Waliotamani kurudi baada ya miaka miwili hawakuwa na haja ya ufufuo. Waliokubali kwamba wamekufa ndio walioletewa habari ya Roho akiingia bondeni.

Mwaka 573 K.K. Ezekieli alionyeshwa hekalu jipya, na maji yakitoka chini ya kizingiti chake. Tarehe ya mwisho katika kitabu chake ni mwaka 571 K.K., miaka zaidi ya 30 kabla Koreshi hajafungua mlango wa kurudi. Huko Al-Kifl, nchini Iraki, Wayahudi na Waislamu wameheshimu kwa karne nyingi kaburi linalosemwa kuwa lake. Liko upande wa Babeli.